Mwalimu wa hisabati anayetaka uzamili wa optimaizesheni aanzie wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa hisabati na fizikia katika sekondari ya serikali mkoani Singida. Nilihitimu shahada ya sayansi na ualimu miaka minne iliyopita kwa GPA ya 3.6. Chuoni nilisoma kalkulusi, kozi moja ya aljebra ya mstari, na takwimu kidogo. Sijawahi kuandika programu ya kompyuta. Nataka kusoma shahada ya uzamili ya optimaizesheni, yaani fani ya kutafuta jibu lililo bora kuliko yote chini ya masharti, upande wa hisabati na wa kompyuta. Je, natosha? Nijiandae vipi, niombe wapi, na laptop yangu ya RAM GB 4 itafaa?

Jibu: Mwalimu, unatosha kuomba, ila kwa hali uliyoieleza bado hujawa tayari kusoma. Wengi huanguka hapo katikati. Barua ya kukubaliwa inakuja, muhula unaanza, na kufikia wiki ya tatu mhadhiri anatumia ubaoni mambo ambayo mwanafunzi hajawahi kuyagusa. Pengo lako linazibika kwa miezi sita ya kazi ya kweli, saa kumi hivi kwa wiki. Nitalieleza pengo lenyewe kwa kirefu, kwa sababu fomu na maombi ni sehemu nyepesi.

Anza na kile unachokifundisha. Mada ya Kidato cha Nne ya kuchora mistari, kutia kivuli eneo lisilotakiwa na kujaribu kona ndiyo mlango wa fani hii. Shuleni tunaishia kwenye vigeu viwili kwa kuwa karatasi ina pande mbili tu. Kiwanda kina vigeu elfu kumi, wala hakuna wa kuvichora. Mwaka 1947 George Dantzig alitoa njia ya simplex, inayotembea kutoka kona hadi kona kwa hesabu za matriksi, na hadi leo ni mojawapo ya injini za programu zinazopanga ndege, mitambo ya umeme na maghala.

Chukua fundi seremala mwenye mbao 40 stoo na saa 36 za kazi kwa wiki. Meza moja hula mbao 4 na saa 2, na humwingizia shilingi 30,000. Kiti hula mbao 2 na saa 3, na humwingizia shilingi 20,000. Mwanafunzi wako atakupa meza 6 na viti 8, jumla shilingi 340,000, na utampa alama zote. Swali la uzamili linaanzia hapo: akija mtu na ubao mmoja wa ziada, fundi alipe hadi shilingi ngapi?

Ili kulijibu unaunda tatizo la pili, ambalo vigeu vyake ni a, thamani ya ubao mmoja, na b, thamani ya saa moja. Meza inadai 4a + 2b isipungue 30,000. Kiti kinadai 2a + 3b isipungue 20,000. Nawe unatafuta 40a + 36b iliyo ndogo kuliko zote. Jibu ni a = 6,250 na b = 2,500, na ukizidisha unapata 340,000 ileile. Kulingana huko ndiko kunakoitwa uwili, na ndio uti wa mgongo wa somo zima. Ubao ukiuzwa 5,000, fundi anunue. Ukiuzwa 7,000, auache. Bei ya 6,250 nayo ina mipaka: inadumu mradi mbao ziko kati ya 24 na 72. Zikifika 72, fundi anatengeneza meza 18 tupu, saa zote 36 zimekwisha, na ubao wa 73 haumwongezei hata senti. Jaribu kuzipata hizo 24 na 72 kwa kalamu. Ukikwama, umeijua sehemu ya kwanza ya kusoma.

Sehemu hiyo ni aljebra ya mstari, na kozi moja haitoshi. Kozi za mwaka wa kwanza hutumia muda mwingi kwenye determinanti na kutafuta kinyume cha matriksi, vitu ambavyo kwenye kompyuta karibu havitumiki. Hakuna solva, yaani programu ya kutatua matatizo haya, inayokokotoa kinyume cha matriksi ya 10,000 kwa 10,000. Inaigawa katika matriksi mbili za pembetatu, kisha inatatua hatua kwa hatua. Unachohitaji ni nafasi za vekta na besi zake, ranki, kuangusha vekta kwenye nafasi ndogo, thamani eigeni (eigenvalues), matriksi linganifu zilizo chanya, na migawanyo ya LU, QR na Cholesky. Tenga wiki kumi kati ya ishirini na sita. Wanaoharakisha hapa huja kuzilipa wiki hizo baadaye, tena wakati wa mitihani.

Halafu kalkulusi ya vigeu vingi, wiki tano. Kipimo chake ni hiki: chukua f(x, y) = x² + xy + y² − 3x. Ukiweka mteremko wake kuwa sifuri unapata x = 2, y = −1, na thamani ya chini kabisa ni −3. Matriksi ya Hessian, yaani ya derivativu za pili, ina 2 na 2 kwenye ulalo na 1 na 1 pembeni. Thamani zake eigeni ni 1 na 3, zote chanya, kwa hiyo hiyo ndiyo sehemu pekee ya chini. Mpaka hapo ni kalkulusi ya kawaida. Sasa itafute kwa kompyuta kwa njia ya kushuka mteremko, ambapo kila mzunguko unasogea kinyume cha mteremko kwa hatua uliyoichagua. Kwa hatua ya 0.5, umbali wako kutoka kwenye jibu hupungua kwa nusu kamili kila mzunguko. Kwa hatua ya 0.7 hesabu inalipuka: upande wa thamani eigeni 3, kosa huzidishwa kwa 1 − 0.7 × 3, yaani −1.1, na baada ya mizunguko 50 limekua zaidi ya mara 100. Mpaka ni 2 gawanya kwa 3. Anayeelewa kwa nini ni 2/3 hahitaji kubahatisha hatua, na ataelewa pia kwa nini mafunzo ya mitandao ya neva, ile inayotumika kwenye akili unde, hulipuka watu wanapoongeza kasi ovyo.

Kuna jambo moja ambalo walimu wengi wa sekondari wanaorudi chuoni huliona gumu kuliko yote: kuandika uthibitisho. Kukokotoa wanakuweza. Zoezi la kuanzia ni hili. Seti ni mbinuko (convex) ikiwa mstari unaounganisha nukta zake zozote mbili unabaki ndani yake; fanksheni ni mbinuko ikiwa mstari unaounganisha nukta zozote mbili za mchoro wake haupiti chini ya mchoro. Thibitisha kwamba kwa fanksheni mbinuko juu ya seti mbinuko, sehemu iliyo ya chini kuliko majirani zake ni ya chini kuliko zote. Tuseme x ni ya chini kuliko majirani, lakini ipo y yenye f(y) ndogo zaidi. Kwenye mstari wa kutoka x kwenda y, kila nukta iliyo sehemu t ya safari ina thamani isiyozidi (1 − t)f(x) + t f(y), ambayo ni ndogo kuliko f(x). Chukua t ndogo upendavyo: unapata jirani wa x aliye chini yake, kinyume cha ulichodhani. Mistari minne tu. Iandike upya bila kutazama, kisha jiulize ni wapi ulitumia kwamba seti ni mbinuko; usipopaona, hujaielewa. Uthibitisho huu pia unakuonyesha ulipo mpaka kati ya matatizo mepesi na magumu. R. Tyrrell Rockafellar aliandika mwaka 1993 kwamba mpaka huo unapita kati ya mbinuko na isiyo mbinuko, wala hautegemei kama fanksheni ni ya mstari au la. Kitabu cha Boyd na Vandenberghe cha mwaka 2004 kuhusu eneo hili kinapatikana bure, kwa ruhusa, kwenye ukurasa wa Boyd wa Chuo Kikuu cha Stanford. Wiki sita za kusoma uwili na ubinuko kwa mpangilio, na mazoezi yake, zinakutosha kwa mwanzo.

Wiki tano zilizobaki ni za hesabu za namba kamili, nitakazozifikia, na za kurudia ulikokwama. Programu ya kompyuta usiisubirishe mpaka hisabati iishe. Ianze wiki ya kwanza, saa mbili kwa wiki. Laptop ya GB 4 inafaa kabisa kwa kujiandaa, na hata kwa sehemu kubwa ya shahada. Weka Python ya kawaida, lugha ya kuandikia programu, kisha maktaba zake za NumPy, SciPy na Matplotlib; vyote kwa pamoja havizidi MB 200, kwa hiyo pakua mara moja penye intaneti nzuri, kisha fanya kazi bila mtandao. Ndani ya SciPy mna solva ya HiGHS, inayotengenezwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, na ni ya bure. Gurobi na CPLEX ni za kulipia, ingawa hutoa leseni bure kwa wanafunzi na wahadhiri wa vyuo. Utaipata ukishasajiliwa, sasa huihitaji.

Anza na tatizo la fundi kwa amri ya linprog iliyomo SciPy, na tazama mitego mitatu. Amri hiyo hupunguza tu, haiongezi. Ukitaka faida kubwa, weka alama ya kutoa kwenye kila namba ya faida, kisha geuza jibu. Masharti yote ya kutolingana lazima yawe ya "isizidi". Sharti la "isipungue" lizidishe kwa −1 pande zote mbili. Tena, usipotaja mipaka, kila kigeu huchukuliwa kuwa sifuri au zaidi. Kwa meza na viti ni sawa, lakini kigeu chako kikiwa faida-au-hasara utapata jibu lisilo sahihi, na kompyuta haitakuonya hata kidogo.

Matatizo ya namba kamili, ambayo vigeu vyake haviruhusiwi kuwa na desimali, ndiyo yanayoifanya fani hii iwe ngumu na tamu. Ukitaka njia fupi ya kuzunguka miji 20 na kurudi ulikoanzia, kuna njia zaidi ya 6 × 10¹⁶ za kujaribu. Kompyuta inayojaribu njia bilioni moja kwa sekunde ingetumia karibu miaka 2. Hata hivyo mwaka 2006 lilitatuliwa tatizo la aina hiyo lenye vituo 85,900, jibu likathibitishwa kuwa bora kabisa. Kilichowezesha ni kutumia tatizo la mstari, la aina ya lile la fundi, kama mpaka wa chini, kukata vipande visivyo na namba kamili, kuligawa tatizo katika matawi, na kutupa yale ambayo mpaka wake tayari ni mbaya kuliko jibu lililo mkononi. Njia hiyo ya matawi na mipaka ilianzishwa na Ailsa Land na Alison Doig mwaka 1960. Mikato ya Ralph Gomory ni ya mwaka 1958.

Hapa pia ndipo modeli nyingi za wanafunzi huharibika. Unataka kusema "ghala lisipofunguliwa, lisitoe mzigo", unaandika x ≤ M·y, x ikiwa mzigo, y ikiwa 0 (limefungwa) au 1 (limefunguliwa), na M namba kubwa, na kwa kutaka usalama unaipa M thamani ya 1,000,000. Solva hufanya kazi kwa desimali, na namba iliyo karibu sana na sifuri, tuseme 0.00001, huihesabu kuwa sifuri. Zidisha: ghala "lililofungwa" linatoa mizigo 10, na gharama ya kulifungua haijalipwa. Dawa ni kuipa M thamani ndogo iwezekanavyo. Ghala likiwa na uwezo wa tani 300, M ni 300. Vivyo hivyo vipimo: usichanganye mabilioni ya shilingi na asilimia kwenye modeli moja. Geuza shilingi ziwe mamilioni, na jitahidi namba kubwa ya kwenye matriksi isizidi ile ndogo kwa zaidi ya mara milioni.

Utakutana pia na algorithimu za vinasaba, za makundi ya chungu, na nyingine nyingi zenye majina ya wanyama. Naomba usianzie huko, hata kama ndiko tasnifu nyingi zinakokimbilia. Zinatoa jibu, mara nyingi zuri, lakini hazikuambii liko umbali gani na lililo bora. Solva ya matawi na mipaka ikisimama baada ya saa moja na pengo la asilimia 4, unajua kwa hakika kwamba hakuna jibu lililo bora kuliko lako kwa zaidi ya kiasi hicho. Mtahini atakuuliza swali hilohilo, na lazima uwe na la kumjibu. Njia hizo za kukisia zina mahali pake pale tatizo linapozidi uwezo wa solva, na utajua limezidi baada ya kuijaribu solva kwanza.

Sasa vyuo. Kwa hali yako ningependelea njia ya hatua mbili: uzamili wenye ufadhili hapa Afrika, kisha uzamivu au uzamili wa pili nje. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2003 na yenye kituo Kigali tangu 2016, hutoa uzamili wenye ufadhili kamili kwa kozi fupi za wiki tatu tatu, na imezoea wanafunzi wenye mapengo kama yako. Hautakuwa uzamili wa optimaizesheni tupu, ila utachagua mradi wa mwisho katika eneo hilo. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela, yenye masomo ya uzamili ya hisabati tumizi na ukokotoaji. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina uzamili wa hisabati. Kabla ya kuomba popote, tafuta kwenye tovuti mhadhiri aliyechapisha kuhusu optimaizesheni miaka ya karibuni. Jina la kozi bila msimamizi wa kukuongoza halitakusaidia.

Ukitaka kwenda nje moja kwa moja, elewa tofauti. Uzamili wa Uingereza ni mwaka mmoja wa krediti 180: 120 za darasani na 60 za tasnifu, inayoandikwa Juni hadi Agosti. Hakuna muda wa kuziba pengo ukiwa humo. Edinburgh ina nguvu sana upande wa kompyuta. Ujerumani ni miaka miwili, krediti 120 za Ulaya, na kuna nafasi ya kupumua. Berlin ina Taasisi ya Zuse, kunakotoka solva ya SCIP. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada, ingawa TU München ilianza kuwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya mwaka wa masomo 2024/25, na asiye na ufadhili hudaiwa akaunti ya kujikimu, yaani fedha za kuishi zilizowekwa benki. Kuanzia Septemba 2024 kiwango kilikuwa euro 11,904 kwa mwaka. ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, hutoa diploma ya mwaka mmoja yenye ufadhili, lakini imeegemea nadharia; ni nzuri kwa anayelenga uzamivu wa hisabati safi kuliko kwako.

Kuhusu ufadhili, DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, husaidia masomo ndani ya kanda yetu, na kwa kawaida hutaka shahada ya mwisho isizidi miaka sita. Wewe umebakiwa na miaka miwili, basi usiiache ipite. Chevening ya Uingereza hutaka saa 2,800 za kazi. Miaka minne ya ualimu inazizidi kwa mbali. Dirisha lake hufunguliwa Agosti, mwaka mzima kabla ya masomo kuanza.

GPA yako ya 3.6 ni daraja la pili la juu kwa mfumo wetu, unaoanzia 3.5. Andika kila mahali "3.6 kati ya 5.0" na utaje daraja, kwa sababu vyuo vingine husoma namba hiyo kwa kipimo cha 4.0, na utata wa namna hiyo hukuchelewesha. Omba chuoni kwako barua inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Vyuo kadhaa huikubali badala ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ambao matokeo yake hudumu miaka miwili tu. Barua za wadhamini zitoke kwa wahadhiri wawili walioona hisabati yako. Mkuu wa shule awe wa tatu, kama wanaruhusu watatu. Wape wiki sita, pamoja na transkripti yako na rasimu ya maelezo ya nia.

Kwenye maelezo hayo, aya ya thamani kuliko zote ni ile inayoeleza tatizo moja ulilolitatua mwenyewe. Mfano mzuri uko mikononi mwako: ratiba ya vipindi ya shule yako. Vigeu ni "mwalimu huyu, mkondo huu, kipindi hiki: 0 au 1". Masharti ni mwalimu asiwe madarasa mawili kwa wakati mmoja, maabara isigongane, hisabati isikae kipindi cha mwisho kila siku. Anza na walimu watano na mikondo miwili, uhakikishe kwa mkono kwamba jibu ni sahihi, ndipo upanue. Taja idadi ya vigeu, idadi ya masharti, sekunde zilizotumika, na ulichokibadilisha solva ilipokwambia hakuna jibu. Mara nyingi itakwambia hivyo kwa sababu masharti mawili yanapingana. Yaondoe moja moja mpaka umjue mkorofi. Data unayo, ruhusa ya kuitumia iko kwa mkuu wa shule, na hakuna ofisi ya mbali ya kuisubiri. Chagua mada ya tasnifu kwa kipimo hichohicho: usambazaji wa dawa nchi nzima unavutia, lakini data zisipofika hadi mwezi wa pili wa tasnifu, umebaki na modeli isiyo na namba.

Ombi la ruhusa ya masomo kwa mwajiri lipitishe mapema kupitia kwa mkuu wa shule kwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ukiambatanisha barua ya kukubaliwa mara tu unapoipata, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.